Safari Isiyo na Mwenyeji

"Huko mnakwenda kwa nani?"

Dada yangu aliniuliza swali hilo kwa simu kutoka Louisville, Jumapili moja ya mwezi wa kumi. Nilikuwa nimemwarifu, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni, kwamba mimi na mume wangu tunakusudia kwenda Uswisi mwezi wa tatu, katika mji mdogo ulio juu kabisa kwenye milima ya Alpi, tukae siku sita na kurudi. Nilitarajia aniulize habari za baridi, au za ndege, au za akili zetu. Hakuuliza lolote kati ya hayo.

"Si kwa mtu," nikamjibu. "Tunakwenda tu."

"Mnakwenda tu," akarudia. "Kama mbuzi waliokata kamba."

"Kuna hoteli, Dada."

"Hoteli si mtu."

Katika ukoo wetu safari haijawahi kuwa na mahali, ina mtu. Tulizaliwa kwenye milima ya Taita, na tangu utotoni sikuwahi kusikia mtu akisema anakwenda Mombasa. Alikuwa akienda kwa mjomba, na mjomba alikuwa Mombasa kwa sababu zake mwenyewe. Nilipokuja Marekani kusoma sikuichagua Columbus kwenye ramani. Niliichagua kwa sababu binti mmoja wa kanisani kwetu alikuwa na kochi huko. Tangu siku hiyo nimeijua nchi hii pana kwa vituo vitatu tu: Columbus kwetu, Louisville kwa Dada, Buffalo kwa mdogo wa mume wangu. Maporomoko ya Niagara, yaliyo karibu na Buffalo, nimeyaona mara nyingi kuliko nilivyoyaona magego yangu mwenyewe, na kila mara nilikuwa nikimwonyesha mgeni. Sijui yanafananaje mtu akiyatazama bila kushika mkoba wa mwenzake anayepigwa picha.

Ni lazima nieleze Uswisi iliingiaje katika maisha ya watu kama sisi.

Mwezi wa nane wa mwaka huo mtoto wetu wa pili alikwenda chuo, nasi tukabaki wawili katika nyumba yetu ya Westerville, kaskazini mwa Columbus. Wiki ya kwanza tulipongezana. Wiki ya pili tukagundua, mezani, kwamba hatuna mazungumzo. Kwa miaka ishirini na mitatu tulikuwa tumezungumza habari za watu wengine tu: nani anaumwa, nani anapokewa uwanja wa ndege, fomu ya nani haijajazwa, nani wa kumpeleka nani kwenye miadi. Tulikuwa maafisa wawili hodari wa idara moja, na sasa idara ilikuwa imekosa wateja. Jioni moja mume wangu alipomaliza kula, alichukua chupa ya pilipili akanisomea viungo vyake vyote, kuanzia siki hadi ile rangi yenye namba. Nilimsikiliza kwa makini. Nilimwuliza swali la ziada kuhusu siki. Kisha tukatazamana, tukacheka sana, na baada ya kicheko ukaja ukimya ambao sikuupenda hata kidogo.

Wiki chache baadaye niling'olewa gego na daktari wa meno kule Clintonville. Mume wangu alinisubiri mapokezi kwa muda mrefu, na mbele yake ukutani palikuwa na kalenda, akaifunua yote kwa uchovu wa kusubiri. Ukurasa wa Desemba ulikuwa na picha ya mji wa nyumba za mbao, theluji juu ya mapaa kama blanketi lililokunjuliwa upya, na nyuma yake mlima mmoja uliosimama peke yake, umechongoka na kupinda kidogo. Alimwomba mhudumu ule ukurasa. Mhudumu akampa, nadhani kwa woga. Tulipofika nyumbani nilikuwa na pamba mdomoni, siwezi kusema neno, na mume wangu akautandaza ule ukurasa mezani akaanza kunieleza. Alikuwa amesoma kwenye simu yake: kwamba mji hauna magari, kwamba treni hupanda hadi juu, kwamba asubuhi jua huanza kugusa ncha ya mlima huku mji ukiwa bado kivulini. Aliongea dakika arobaini. Hakumtaja ndugu hata mmoja. Sikukumbuka mara ya mwisho nilipoisikia sauti yake ikifanya kazi hiyo.

"Twende," akasema mwishoni. "Mimi na wewe. Hatumjui mtu kule, na hakuna atakayetuomba tumjazie fomu."

Nilitikisa kichwa kukubali, kwa sababu ya pamba, lakini hata bila pamba ningekubali. Nilitaka kujua jambo moja: tukiondolewa watu wote, tungebaki mtu na mkewe, au tungebaki ofisi mbili zilizofungwa milango? Siku sita zingenitosha kupata jibu. Nililitaka jibu hilo kuliko nilivyoutaka ule mlima.

Hayo sikumwambia Dada. Mtu aliyekuogesha utotoni humwelezi habari za ndoa yako kwa undani huo. Nilimwambia tunakwenda kubadilisha hewa, naye akaniuliza nani mgonjwa.

Kabla ya jua kuchwa siku ileile, kamati ilikuwa imeundwa.

Msomaji aliyelelewa kwetu hatashangaa. Kwetu haoi mtu bila kamati, hazikwi bila kamati, wala haendi kusoma bila kamati. Mimi mwenyewe nimekuwa katibu wa harusi za watu nisiowafahamu vizuri. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba watu wawili wakitaka kupumzika watahitaji mwenyekiti. Dada alifungua kundi kwenye simu, akalipa jina "Safari ya Uswisi", akajiteua, kisha akatuingiza wajumbe watatu: mume wangu, mimi, na shemeji yangu wa Buffalo. Tukawa tunakutana kila Jumapili alasiri kwa njia ya video, kwa sala ya kufungua na sala ya kufunga.

Kumbukumbu za mikutano aliziandika Dada mwenyewe. Kazi yake ni kusimamia zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, na kalamu yake imezoea taarifa za aina hiyo, kwa hiyo kila Jumapili jioni tulipokea maandishi kama haya: "Mjumbe wa Columbus ameonekana mchangamfu leo. Amejibu maswali yote. Amelalamika kidogo kuhusu soksi."

Mkutano wa pili ulikwama kwenye magari. Mume wangu, kwa fahari ya mtu aliyesoma, aliwaambia kwamba mji wetu hauruhusu magari hata moja.

Shemeji alitoa kofia. "Kaka, ngoja nielewe. Unatoka nchi ambayo hata kwenda kuchukua barua watu wanaingia ndani ya gari, unapanda ndege usiku kucha, ili ufike mahali pa kutembea kwa miguu?"

"Ndiyo uzuri wenyewe."

"Mama yetu alipanda mlima maisha yake yote na kuni kichwani. Hakuna aliyempiga picha ya kalenda."

"Na mtu akizidiwa?" Dada akauliza. "Anabebwa na nini? Mgongoni?"

"Kuna vigari vidogo vya umeme," nikasema.

"Vigari." Dada aliandika. Kumbukumbu za siku hiyo zilisema: "Suala la vigari limeahirishwa hadi wajumbe watakapoona picha."

Shemeji ndiye aliyekuwa na mchango wa hatari zaidi. Amekaa Buffalo miaka kumi na miwili, na jambo hilo limempa kiburi fulani kuhusu theluji, kama kiburi cha mtu aliyewahi kufungwa na sasa anawaeleza wengine habari za gereza.

"Hiyo theluji mnayoifuata kwa ndege," alisema, "mimi naizoa bure kila asubuhi. Mkitaka mlima, njooni. Nina mmoja mbele ya gereji. Nimeujenga kwa koleo langu."

"Ya kwetu itakuwa ya Alpi," mume wangu akasema.

"Theluji haina kabila, kaka. Nyinyi mtaanguka. Nawaambia kama ndugu. Mtu na mkewe, umri huo, na masanduku, bila mtu wa kuwainua? Hapana. Lazima mje mfanye mazoezi."

Dada aliuliza kama kuna mjumbe anayepinga. Mume wangu na mimi tulitazamana. Tulikuwa tumeketi kochi moja, bega kwa bega, na kila mmoja alimsubiri mwenzake. Azimio likapita.

Kwa hiyo Ijumaa moja ya mwezi wa kwanza Dada alikuja kwa basi kutoka Louisville, na chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya foili, akalala kwetu, na alfajiri tukashika njia ya kaskazini sisi watatu. Dada aliketi mbele kwa sababu ya miguu yake. Mimi niliketi nyuma na masanduku mawili, ambayo kamati iliamuru yaje ingawa tulikuwa tunakwenda kulala siku moja tu.

Nyumba ya shemeji iko West Side, mtaa wa nyumba kuukuu za mbao zenye vibaraza, na tulipofika alikuwa ametuandalia ratiba ya maandishi. Kituo cha basi kilichokuwa kwenye kona kilikuwa stesheni ya treni ya Uswisi. Kibaraza chake kilikuwa hoteli. Kati ya viwili hivyo kulikuwa na njia ya miguu ambayo, kwa makusudi, hakuizoa theluji kwa siku tatu. Jirani mmoja alikuwa amemlalamikia, akamwambia ni kwa ajili ya elimu. Masanduku yalikuwa matupu, naye akaona hiyo ni hila, akayajaza mifuko ya mchele na unga kutoka jikoni kwake hadi yakafikia uzito alioutaka.

"Mmeshuka kwenye treni," akatangaza kutoka kibarazani. "Ni jioni. Mmechoka. Hakuna gari. Njooni hotelini!"

Sikuwa nimewahi kulifikiria gurudumu la sanduku. Kwenye sakafu ya uwanja wa ndege ni kitu cha ajabu. Kwenye theluji ya Buffalo ni jembe. Nililivuta langu hatua sita, likawa limekusanya mbele yake kilima cha kunifikia magotini. Mume wangu, aliyevaa suruali mbili na kofia iliyomziba masikio, alikuwa mbele yangu akipumua kama injini. Dada hakuwa na sanduku. Alitembea pembeni yetu na mpini wa ufagio kama mkongojo, akituimbia wimbo wa kanisani wa kupanda mlima, na kila baada ya ubeti alisimama kututia moyo: "Shemeji, inua goti! Goti, shemeji!"

Mume wangu aliinua goti. Mguu wa pili haukuarifiwa. Alianguka taratibu sana, kwa heshima, kama mti mkubwa ulioombwa kwa upole, akabaki amelala chali huku mkono wake ukiwa bado umeshika kishikio cha sanduku. Nilimkimbilia nikaanguka juu ya sanduku lenyewe.

Wakati huohuo basi la jiji likasimama. Dereva aliona watu wawili wameanguka karibu na kituo pamoja na mizigo yao, na mtu wa tatu, mwanamke, ana mpini wa ufagio, akafanya aliloliona la utu: akafungua mlango akasubiri. Shemeji akamkimbilia akipunga mikono yote miwili.

"Hapana, hapana!" akamwambia kwa Kiingereza. "Hawa wako Uswisi!"

Dereva alimtazama, akatutazama, akaufunga mlango polepole.

Ndipo akaja mama mmoja. Alitoka nyumba ya ng'ambo, amejifunga kitenge juu ya koti, amebeba blanketi na jozi ya viatu vya kiume. Alikuwa Mkongomani, miongoni mwa wengi waliohamishiwa mtaa ule kutoka kambi za wakimbizi, na alikuwa ametuona dirishani tukihangaika na masanduku bila kumwona shemeji. Alituchukulia kuwa familia iliyofika Marekani asubuhi ileile.

"Karibuni, karibuni!" alisema, akimfunika mume wangu blanketi pale pale chini. "Mulifika leo? Pole ya safari! Na banawaacha tu mu barabara hivi? Batoto biko wapi?"

"Batoto biko chuoni," mume wangu akajibu kutoka chini, kwa mshangao.

"Bon. Mungu ni mwema. Simama papa, simama. Hapa baridi haina huruma, lakini utazoea."

Kabla hatujafafanua lolote, sanduku langu lilikuwa kichwani kwake. Tulimfuata hadi sebuleni kwake, tukavuliwa viatu, tukapewa chai ya maziwa na tangawizi na maandazi ya moto. Shemeji aliingia nyuma yetu ameinamisha kichwa kwa kujizuia kucheka. Ikabidi nieleze. Nilieleza kwa Kiswahili changu bora kabisa kwamba sisi tuna nyumba Columbus, kwamba tumekaa nchi hii miaka mingi, na kwamba tulikuwa tukijizoeza kwa ajili ya mapumziko katika mji wa milimani huko Uswisi. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliposikia neno mapumziko alimtazama mume wangu, ambaye theluji ilikuwa ikimyeyukia shingoni.

"Donc," akasema, "kule Suisse munaenda kwa nani?"

Dada alinigeukia tu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kesi yake imethibitishwa na mahakama ya rufaa.

"Hatuna mtu," nikasema.

"Bila mutu? Hapana, mama. Haiwezekane. Mutu haendi inchi ya batu bila mutu." Tayari alikuwa ameshika simu. "Niko na mudogo yangu kule. Namuita sasa hivi."

Maandazi yalikuwa bado ya moto tulipokuwa tukitazamana na mdogo wake kwenye kioo cha simu, pamoja na mkewe na watoto wanne, wote jikoni kwao, wote wakitupungia. Mji wao ulikuwa mwendo wa saa tatu kwa treni kutoka mji wetu wa kalenda. Hilo halikumsumbua.

"Hoteli ni ya nini?" alisema. "Mutalala kwangu. Madame amesha kutengeneza chumba. Batoto batalala mu salon, kwa makochi. Na kanisani kwetu watafurahi sana, mutatoa salamu."

Kuna watu wawili tu waliokuwa na uwezo wa kusema hapana wakati huo, nao walikuwa wamevaa soksi za mwenyeji wao na kushika vikombe vyake. Nilisema asante. Mume wangu alisema Mungu awabariki. Na Dada, ambaye uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi, akaweka kikombe chini.

"Kwa kuwa sasa kuna mwenyeji," akasema, "hata mimi naweza kuja. Nilikuwa nahofia kuwaelemea hotelini."

"Na mimi," akasema shemeji. "Nani atawainua?"

Nilimtazama mume wangu. Alitabasamu kwa tabasamu lile analowapa watu wa forodha. "Karibuni sana," akasema.

"Itakuwa vizuri sana," nikasema mimi.

Nawaambia ukweli: neno lilitoka lenyewe. Nililelewa hivyo, na nadhani hata ningekuwa nimezimia ningelisema.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za ratiba. Dada na yule ndugu wa Uswisi waligundua kwamba wote wawili ni wanakwaya, na kuanzia hapo hatukuhitajika tena. Kila siku kundi lilipokea mpango uliorekebishwa. Siku ya kwanza, kupokewa. Siku ya pili, kupumzika na kusalimia majirani. Siku ya tatu, ibada: mimi natoa salamu za Columbus, Dada anaimba. Siku ya nne, kutembelea familia tatu, au nne nguvu zikibaki. Siku ya sita, kufunga mizigo na zawadi. Mlima ulipewa siku ya tano, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, "hali ya hewa ikiruhusu". Mume wangu aliisoma ratiba hiyo akasema ni nzuri. Nami nikasema ni nzuri. Usiku tulilala kila mmoja akiutazama ukuta wake.

Alhamisi jioni, tukiwa mezani, ujumbe wa Dada uliingia kwenye simu zetu zote mbili kwa pamoja. Aliandika kwamba kesho asubuhi, kabla ya zamu ya saa moja, anampelekea mkuu wake fomu ya likizo. Akishaitia saini haibadilishwi tena, kwa hiyo wajumbe waombe.

Mume wangu aliweka kijiko chini.

"Nikuulize," akasema. "Wewe unataka waje?"

"Wewe je?"

"Mimi nilidhani wewe unataka. Ulisema itakuwa vizuri sana."

"Nilisema kwa adabu. Wewe ulisema karibuni."

"Hata mimi ilikuwa adabu!"

"Na ratiba? Ulisema ni nzuri."

"Imepangwa vizuri. Sikusema naipenda."

Tulikuwa tumefanyiana adabu kwa wiki mbili mfululizo, usiku na mchana, kama wageni wawili wanaosukumiana kipande cha mwisho cha nyama. Nilianza kucheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa ameshika kijiko tena, akiuvuruga wali, akiupanga na kuupangua.

"Nitakuambia ukweli," akasema, "na usinicheke. Waliposema wanakuja, kuna sehemu yangu ilifurahi. Siku sita, sisi wawili, bila hata mtu wa kumpigia simu. Je, tukikosa la kusema? Hapa tukikosa, mtu hupiga simu na shida yake, tunaokoka."

Sikumcheka. Nilimwambia kwamba pale kwa yule mama, Dada aliposema anakuja, mabega yangu mimi yalishuka kwa nafuu kabla moyo haujapata nafasi ya kuhuzunika. Haikuwa habari nzuri, lakini ilikuwa yetu, na nikatambua kwamba tulikuwa tumezungumza robo saa nzima juu ya watu wawili tu.

"Basi twende tukakose la kusema," nikasema. "Angalau tujue."

"Wawili?"

"Wawili."

"Nani anamwambia Dada?"

"Wewe ni shemeji yake, anakuheshimu."

"Ndiyo maana siwezi. Nitasema karibu."

Hilo lilikuwa kweli. Tukakubaliana nitampigia mimi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hajaingia kazini.

Nilimpigia saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane, nimesimama katikati ya sebule na koti juu ya nguo ya kulalia, kwa sababu niliona habari ile haifai kutolewa bila koti. Mume wangu alikuwa jikoni, nyuma ya mlango wa jokofu aliokuwa ameufungua bila kutoa chochote.

"Niko maegesho ya kazini," Dada akasema. "Fomu ninayo mkononi. Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Dada, usiipeleke."

Nilisikia injini yake ikiguruma.

"Nimewakosea nini?"

"Hujatukosea. Nataka..." Nilikuwa nimetayarisha sentensi ndefu yenye neno uhitaji na neno tafakuri, nikaitafuta nisiione. "Nataka kukaa na mume wangu."

"Si unakaa naye kila siku?"

"Nakaa karibu naye."

Nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Dada alikuwa anajaribu kutocheka, na anashindwa.

"Umri huu?" akasema.

"Dada!"

"Ndiyo kubadilisha hewa huko! Na yeye yuko wapi? Anasikia?"

"Yuko kwenye jokofu."

"Shemeji!" akapaza sauti mpaka simu ikatetemeka kiganjani mwangu. "Toka kwenye jokofu, baba, nimekusamehe!"

Mlango wa jokofu ukafungwa. Mume wangu akatokeza kichwa tu.

Dada alipoongea tena, kicheko kilikuwa kimepungua. "Mngesema mapema. Nimeshawaambia kwaya nzima. Na sitakudanganya, mdogo wangu, nilitaka kuuona ule mlima. Si kwa ajili yenu tu."

"Najua," nikasema, ingawa sikuwa nimejua, na niliona haya kwamba sikuwahi kumwuliza. "Mwaka ujao nitakupeleka mimi. Wewe na mimi."

"Uniandikie."

"Nitakuandikia."

"Leo. Na yule ndugu msimwache hivihivi. Siku ya kurudi mpitieni, mnywe chai, muwape watoto chochote, mtoke. Wa Buffalo niachie mimi. Ukimpigia wewe utamwomba radhi mpaka akuonee huruma aje."

Nilisikia karatasi ikichanwa, mara mbili, kwa mikono ya mtu asiyefanya kazi nusunusu. Kisha akaniambia zamu imefika, akakata.

Mume wangu alikuwa tayari ameketi mezani na kompyuta, miwani puani. Hoteli ilikuwa bado na vyumba. Fomu ikauliza tarehe, akajaza. Ikauliza idadi ya wageni, akaandika mbili, akanitazama. Nikavuta kiti nikaketi, koti bado mwilini, nikabonyeza pale pa kuthibitisha.